Anza na kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe: namna ya kutengeneza mfumo wa simu wa afya au shule ambao watu watautumia kweli

Juzi kijana mmoja kanifuata inbox na apu yake ya wajawazito. Nzuri, siwezi kusema uongo, ina rangi, ina vidio, ina kitoto kinakua kwenye skrini wiki hadi wiki, mega 64. Nikamuuliza, mama yako mdogo kule kijijini ataipakua kwa simu gani na kwa bando la nani? Kimya. Baadaye akajibu "ila si watu wana simu siku hizi". Wanazo ndio, ila hiyo "wana simu" ndo imezika miradi mingi sana, na mi mwenyewe imenizika mara mbili, kwa hiyo naandika hapa yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijaandika mstari wa kwanza wa programu. Mifano yangu mingi ni ya kliniki ya mama na mtoto hapa Tanzania kwa sababu huko ndo nimekaa zaidi, ya shule nitaigusa mbele.

Kwanza nenda ukakae benchi

Kompyuta iache nyumbani. Chagua zahanati moja, omba ruhusa kwa mganga mfawidhi, nenda asubuhi siku ya kliniki ukae benchi na kina mama, ukipewa mtoto ushike, shika. Halafu usiulize "una simu?" maana utajibiwa ndiyo, na namba utakayopewa ni ya mume, au ya dada, au ya jirani mwenye duka. Uliza simu inashinda wapi mchana. Inalala kwa nani, inachajiwa wapi na kwa shilingi ngapi, kuna laini ngapi na ipi ndo huwa hewani, na meseji ikiingia nani anaisoma kwanza. Hilo la mwisho ndo la muhimu kuliko yote, nitalirudia.

Mi mara ya kwanza nilienda nikiwa nishamaliza kila kitu. Menyu yangu ilikuwa na machaguo sita, la tano ndo dalili za hatari. Mama mmoja akafungua fundo la khanga akatoa kiswaswadu kimefungwa rababendi ili betri isidondoke, namwambia bonyeza tano, anabonyeza, hamna kitu, anabonyeza kwa kucha, hamna, anacheka, "hiyo ilishakufa kaka, hiyo na nane". Kumbe namba yenye tano au nane hapigi mwenyewe, anaenda kwa jirani. Toka siku hiyo kitu cha hatari kwangu kinakaa namba 1, na menyu haizidi machaguo manne, na kila ninapoenda najaribu kwenye simu zao wenyewe, sio yangu, kwenye jua, na kioo chenye ufa.

Njia ipi sasa, SMS au apu au nini

SMS inafika kila simu na inabaki kwenye simu, mtu anaweza kuirudia usiku au kumpa mtoto wa darasa la sita amsomee. Shida yake ni nafasi. SMS moja ni herufi 160 pamoja na nafasi za katikati. Kiswahili chetu kinaingia vizuri humo kwa sababu hatuna herufi za ajabu, lakini ukiweka alama moja tu ambayo haimo kwenye ile seti ya kawaida ya simu, meseji nzima inageuka, inabeba herufi 70 badala ya 160, na ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67.

Hili lilitupiga vibaya. Tulikuwa na meseji ya lishe ina herufi 158, tumeihesabu mpaka macho yanauma, mwenzetu mmoja akaichapa upya kwenye Word na ndani kulikuwa na "maziwa ya ng'ombe". Word ikampindia ile apostrofi, si unajua inavyopenda kuipamba. Basi kila mama akawa anatumiwa meseji moja tunayolipia tatu, na kwa simu nyingine inaingia vipande vimepishana, cha mwisho kinatangulia. Bajeti ya miezi mitatu ikaisha mwezi mmoja na wiki, na tumetafuta kosa siku nne nzima tukilaumu watu wa mtandao. Kosa ni ka-mkia juu ya ng'ombe. Kwa hiyo andika meseji zako kwenye notipadi tupu, na kwenye sava weka kaprogramu kanakokataa meseji yoyote yenye alama ya nje.

Hii hapa ni mfano, ina herufi 155: "Mama, hujambo? Jumatano tar 14 saa 2 asubuhi ni siku yako ya kliniki. Njoo na kadi. Ukiona damu, uso kuvimba au kichwa kuuma sana, usisubiri, njoo leo leo." Ina salamu, ina siku, ina kitu cha kubeba, ina sababu ya kuja hata kama siku haijafika. Ukitaka kuongeza habari ya mchicha na dagaa itume wiki nyingine.

USSD, yale mambo ya nyota na reli, ni nzuri kwa kuuliza. Watu wameshaizoea kwa M-Pesa na wenzake kwa hiyo huna haja ya kufundisha mtu kubonyeza namba na kutuma, haihitaji bando, inaenda kwenye kitochi chochote. Ila ukurasa mmoja ni kama herufi 182 tu, kikao kina muda wake kikikatika mtu anaanza upya, na ukishafunga hakibaki kitu. Mi naitumia hivi: USSD kuuliza, halafu jibu la maana namtumia kwa SMS ili abaki nalo.

Sauti watu wanaisahau kabisa. Kama eneo lako wamama wengi hawasomi, au wanaongea Kisukuma au Kimasai na Kiswahili ni cha gulioni, simu inayopiga yenyewe na kusema kwa lugha yao inashinda meseji mia. Ila mrekodi nesi wa pale pale, usimlete mtangazaji wa redio wa Dar, watu wanajua sauti ya mtu wao. Na usipige saa nne asubuhi watu wako shamba.

Apu ipo sehemu yake na sehemu hiyo mara nyingi sio kwa mama, ni kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba. Huyo unaweza kumpa simu janja, unamfundisha, unamfuatilia. Apu yake ifanye kazi bila netiweki kabisa, ihifadhi kwenye simu, ikifika kwenye kilima chenye minara itume yenyewe bila kuulizwa, na ionyeshe wazi fomu ngapi zimeenda ngapi zimebaki maana asipoona ataijaza mara ya pili na ya tatu. Halafu jamani usianze kuandika kutoka sifuri, kuna CommCare, kuna vifaa vya Community Health Toolkit, ni programu zilizo tayari za wahudumu kama hawa, vimeshapigwa na jua na vumbi miaka mingi kabla yako. Raha ya kuandika yako naijua, lakini mgonjwa hana habari nayo.

Maneno

Hapa watu wa Kiswahili sanifu mtanisamehe. Usiandike "nywila", andika "namba ya siri" kwa sababu ndo neno watu wameliona kwenye pesa za simu. "Wasilisha" badilisha iwe "Tuma". "Ghairi" ipo kwenye mashine za benki ndio lakini nimeshaona mtu mzima anabonyeza ghairi akidhani ndo kuendelea, weka "Acha" au "Rudi". Na kuna neno "ujauzito", "mimba", "mjamzito", kila sehemu lina uzito wake, kuna mahali ukimwandikia mama "mimba yako" umemvunjia heshima, muulize nesi wa pale.

Saa sasa. Mfumo ukitoka kiwandani unaandika 08:00. Dada mmoja alikuja zahanati saa nane mchana, jua kali, mtoto mgongoni, kliniki imefungwa tangu saa sita, na kwenye simu yake imeandikwa kabisa nane. Alikuwa na haki yake. Andika "saa 2 asubuhi", neno asubuhi lisikose hata nafasi ikibana, toa kitu kingine. Tarehe nayo taja na siku ya wiki, wengi wanaenda kwa gulio, "Jumatano siku ya mnada" inaeleweka kuliko 14/08.

Na tarehe za kuzaliwa, ukimlazimisha mtu aingize siku, mwezi na mwaka utapata kijiji kizima kimezaliwa tarehe 1 Januari. Uliza mwaka tu. Kwa mimba uliza mara ya mwisho kuona siku zake ilikuwa kabla au baada ya kitu anachokumbuka, mvua, Idi, kufungua shule, halafu nesi ndo aingize tarehe kutoka kwenye kadi.

Nani atajibu

Hapa ndo penye roho ya mambo yote. Watu wanatengeneza meseji za kwenda, hawatengenezi za kurudi. Kenya kuna kazi moja ilifanyika kwa watu wanaotumia dawa za ARV, inaitwa WelTel, kliniki zilikuwa Nairobi na Kajiado, matokeo yalichapishwa 2010. Nesi alikuwa anatuma meseji mara moja kwa wiki, neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya masaa 48. Aliyejibu shida anapigiwa, na aliyekaa kimya anapigiwa pia. Basi, hamna apu hamna dashibodi. Walikuwa watu 538, nusu wanapata meseji nusu hawapati, na waliopata meseji 62% walikunywa dawa vizuri dhidi ya 50% upande wa pili.

Angalia ujanja wa lile neno. Shemeji akiokota simu akasoma "Mambo?" ameona nini? Hamna kitu, ni salamu. Haijatajwa dawa, haijatajwa kliniki, haijatajwa virusi. Hii ndo maana nilisema uulize nani anasoma meseji kwanza. Kama huduma yako ni ya HIV, TB au uzazi wa mpango, andika meseji kama vile mama mkwe ndo ameshika simu, maana kuna siku atakuwa ameshika.

Magharibi ya Kenya huko huko kuna utafiti mwingine ulitoka 2011, wa meseji za kukumbusha dawa, wakalinganisha za kila siku na za kila wiki. Za kila wiki zilisaidia, za kila siku hazikuonyesha tofauti. Mi sishangai, kitu cha kila siku unakizoea kama jogoo wa jirani.

Kwa hiyo kabla ya kutengeneza chochote andika jina la mtu, sio cheo, jina, atakayepokea "shida" saa tatu usiku siku ya Jumapili. Ana vocha? Nani anamlipa? Akienda likizo nani anashika? Kama hujapata majina mawili hujawa na mfumo, una kipaza sauti. Nimewahi kukuta mradi una meseji 400 za wagonjwa hazijafunguliwa kwenye sava, zimekaa, nyingine zinasema "naumwa nifanyeje".

Na mfanyakazi wa afya usimwongezee kazi juu ya kazi. Ule mradi wa SMS for Life ulioanza 2009 Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini ulienda vizuri kwa sababu hiyo naona. Vituo 129, kila Alhamisi mhudumu anakumbushwa kwa meseji, anahesabu paketi za dawa mseto ya malaria na kwinini ya sindano iliyobaki, anatuma namba kwa simu yake mwenyewe bila kulipia, akituma kwa wakati anapata vocha kidogo. Haimchukui muda. Wilayani wanaona kituo gani kimeishiwa na kipi kina ziada, wanahamisha. Mwanzoni vituo 78% vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo, baada ya wiki 21 ikashuka mpaka 26%. Meseji haikutengeneza dawa, kuna mtu wilayani alikuwa na gari na mafuta na mamlaka ya kuhamisha, bila huyo ungebaki unajua tu kwamba dawa hamna.

Gharama: isimguse mama hata senti. Ile huduma ya meseji za ujauzito, Wazazi Nipendeni, iliyoanza 2012, mtu alikuwa anatuma neno "mtoto" kwenda 15001 bure, anajiandikisha mwenyewe, na hata baba au ndugu aliweza kujiandikisha kama msaidizi. Neno fupi, namba fupi, bure, na matangazo redioni ili watu waijue namba. Hilo la kuijua namba usilidharau, kwa nchi ambayo kila mtu ameshatumiwa na matapeli "ile hela tuma kwenye namba hii", meseji ya namba ngeni inayoanza na "Habari mpendwa" inafutwa hapo hapo. Nesi amtangazie mama siku ya kwanza, amwonyeshe jina litakalotokea, walisevu pamoja.

Shule

Kwa wanafunzi mambo ni tofauti kidogo, simu shuleni hairuhusiwi, kwa hiyo mtoto anaipata simu ya mzazi jioni, kuanzia mzazi akirudi hadi chaji ikiisha, pengine nusu saa na wadogo zake wanaipigania. Tengeneza kwa nusu saa hiyo. Swali moja, majibu manne, akikosea mweleze kwa sentensi mbili kwa nini amekosea, halafu kesho aanzie alipoachia. Shupavu 291, huduma ya masomo kwa meseji kule Kenya, imeenda kwa mtindo huo kwa viswaswadu vya kawaida, bila intaneti. Kinachosumbua wengi ni kwamba wanachukua kitabu cha kurasa 200 wanakikata vipande wanakitupa kwenye SMS.

Kama una hela ya tableti, soma yaliyofanyika Tanga, yale mashindano ya Global Learning XPRIZE. Karibu watoto 2,700 kwenye vijiji 170, wengi hawajawahi kukanyaga darasa, walipewa tableti zenye programu za Kiswahili kwa miezi 15 wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, na vituo vya sola vya kuchajia vilifungwa kijijini. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10 mwaka 2019. Lakini usiishie kwenye tableti ukasahau ile sola, bila umeme tableti ni sahani. Na habari njema, programu za waliofika fainali ziliachwa wazi, unaweza kuzichukua bure leo ukaanzia hapo, sijui kwa nini watu bado wanaanza na kuchora herufi A upya.

Karatasi na wakubwa

Hapa nitapita haraka. Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, Kenya wanayo ya 2019, soma kabla hujakusanya namba ya mtu yeyote, na kusanya kidogo, usichokihitaji usikiulize. Nenda wizarani na halmashauri mapema, usiende siku ya uzinduzi na kofia na fulana. Uganda 2012 wizara ya afya ilisimamisha miradi mipya ya namna hii kwa sababu ilikuwa imejaa majaribio yasiyoongea, kila shirika na mfumo wake, muuguzi mmoja ana simu tatu. Takwimu zako hakikisha zinaweza kuingia DHIS2, ule mfumo wa takwimu za afya, maana ndo serikali inaangalia huko. Na piga hesabu ya meseji za mwaka wa pili na wa tatu sasa hivi, mfadhili akiondoka nani analipia ile namba fupi.

Kitu cha mwisho, hiki hamna aliyeniambia. Mfumo wetu ulikuwa unahesabu wiki wenyewe, mama akifika tarehe ya kujifungua unabadilika, unaanza kutuma za mtoto. Siku moja nesi akanipigia, sauti iko chini. Kuna dada mtoto wake alifariki wakati wa kujifungua, na kila Jumatatu simu yake inaingia meseji inamwuliza mtoto anaendelea kunyonya vizuri. Wiki ya tatu hiyo. Alishampa mumewe simu akae nayo. Nikafungua sava nikamtoa kwa mkono, halafu nikakaa nimeshika kichwa.

Sasa hivi kwenye simu ya nesi kuna chaguo "Zuia meseji", linafanya kazi papo hapo na haliulizi sababu. Mama mwenyewe akituma "acha" kwa herufi yoyote, kubwa au ndogo, hata akikosea akaandika "aca", zinakoma. Na meseji za mtoto hazianzi zenyewe tena, zinasubiri nesi aingize kwamba mtoto yupo.